Taa ya Njano ya Papa Lucie

Mama Kahindo hakuingia ndani ya gari. Aliinama dirishani, akatazama tablo, ule ubao wa taa mbele ya dereva, akanyoosha kidole chenye pete mpaka karibu na usukani.

"Na hii?"

Fortunat Zihindula, baba wa Lucie, alijua vizuri sana "hii" ni nini. Ilikuwa taa ya njano, picha ndogo ya injini, na ilikuwa imejikalia pale kama mgeni asiyejua kuaga. Alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta neno.

"Ile ni taa tu, mama. Gari ya muzee haikosi kaugonjwa."

"Ni taa tu," Mama Kahindo alirudia polepole. "Bwana yangu naye alikuwa anasema vile."

Hapo Fortunat alitamani ardhi immeze. Mtaa wote wa Lac Vert unajua habari ya mume wa Mama Kahindo, aliyekuwa anaendesha lori njia ya Butembo. Siku moja lori lilizimika mahali ambapo lori halipaswi kuzimika, na yeye hakurudi. Mama Kahindo alibaki na watoto na biashara ya vitenge, akaishika biashara ile kwa mikono miwili, na leo wazazi wa mtaa wakitaka mtu wa kuwasemea hawapigi kura. Wanamtuma yeye. Safari hii walimtuma achague dereva wa kupeleka watoto shuleni mjini, asubuhi kwenda na mchana kurudi, mwaka mzima.

"Kazi ni yako, Papa Lucie, kama unaitaka," alisema. "Lakini batoto betu hawapande humu mpaka ile taa izimike. Jumatatu asubuhi nitakuja kuangalia na macho yangu. Kama bado inawaka, nitaongea na ule dereva wa minibisi."

Akasimama wima, akatengeneza kitenge chake kiunoni, akaondoka bila hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Mtu mwenye hasira unaweza kubishana naye.

*

Wacha niseme ukweli kuhusu gari lile, maana Fortunat mwenyewe hawezi kulisema vibaya. Lilikuwa zee. Lilikuwa limeshazeeka kabla ya kufika Goma, na barabara zetu za makoro, yale mawe meusi ya volkano, hazikulionea huruma. Lakini lilikuwa safi kuliko magari ya wakubwa. Kila Jumamosi Fortunat alikuwa analiosha nje na ndani, kisha anafungua kapo, kile kifuniko cha mbele, na kuiosha injini yenyewe mpaka inang'aa. Watu wengine wanafungua kapo ili kuongeza mafuta. Fortunat alikuwa analifungua siku ya Bwana mbele ya parokia, baada ya misa, ili Wakristo waone.

Mnacheka, lakini mtu aliyetoka Bukavu na sanduku moja, akakaa Goma miaka yote hii na vita vyake na vumbi lake, ana haki ya kujivunia kitu. Tena tangu benki zifungwe na ofisi ambako mke wake Clotilde alikuwa karani ifungwe nayo, gari lile ndilo lililokuwa shamba la nyumba nzima. Lisipolimwa, hakuna anayekula.

Jioni ile Clotilde alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, huku akichagua mawe kwenye maharagwe.

"Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Guylain alisema nini mara ya mwisho?"

Guylain ndiye fundi wao wa Ndosho. Alikuwa amekwisha kubadilisha bujii zote, zile plagi za kuwashia petroli. Alibadilisha na kidude kinachonusa moshi wa nyuma. Alimkataza Fortunat kununua petroli ya chupa kando ya njia. Kila mara alikuwa anachomeka mashine yake ya kusoma makosa ya injini, nayo inasema jambo lilelile: silinda ya pili haiwaki vizuri. Anatengeneza, anafuta kosa, taa inazimika, Fortunat anarudi nyumbani akipiga mluzi. Kisha baada ya muda mfupi, hii hapa tena.

"Alisema nirudishe," Fortunat alijibu. "Mama Lucie, nimeshachoka kurudisha. Ni kama kupeleka mugonjwa kwa munganga mwenye ana dawa moja tu."

Clotilde aliacha maharagwe. Alimwangalia mume wake na kuona ameanza kufikiri jambo asilotaka kulisema.

*

Kesho yake Fortunat alirudi nyumbani jua bado liko juu, na uso wake ulikuwa umefunguka. Alimwita Clotilde nje, akamkalisha mbele, akazungusha ufunguo. Injini ikaunguruma. Tablo ilikuwa tupu, safi, bila alama yoyote ya njano.

"Umeona?"

"Nimeona," Clotilde alisema. Akanyoosha kidole kwenye ufunguo. "Zima. Washa tena, lakini polepole. Usifikishe mpaka moteri iwake."

"Juu ya nini?"

"Washa tu, Papa Lucie."

Fortunat alizungusha ufunguo nusu. Na yeyote aliyepanda gari miaka mingi anajua kinachotokea hapo: taa zote zinawaka kwanza, kila moja inaitika kama watoto wanaoitwa majina darasani, kisha injini ikishika zinazimika. Taa ya betri iliitika. Taa ya mafuta iliitika. Taa ya breki iliitika. Ile ya njano haikuitika.

"Umeitoa," Clotilde alisema.

Fortunat aliangalia mikono yake.

"Kuko kijana mumoja wa umeme pale karibu ya Katindo. Ni kataa kadogo sana, anakatoa mbio mbio. Kila mutu anafanya vile. Njia yote ya Sake imejaa magari yenye haina taa."

"Mama Kahindo alikuambia juu ya bwana yake. Alikuambia na kinywa chake. Kisha weye ukaenda kutoa taa."

"Nilikuwa nafikiri juu yetu. Juu ya Lucie."

"Lucie naye atapanda humu?"

Lucie, binti yao wa pekee, alikuwa anasoma kwenye shule ileile, na katika hesabu ya Fortunat yeye ndiye angekaa kiti cha mbele.

"Njia ya muongo ni fupi," Clotilde alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "na hii yako iko na batoto ya batu ndani."

Fortunat aliona haya. Si haya ya kufichuliwa uongo tu. Aliona haya kwamba mke wake alimwona akiwa mdogo namna ile, mke aliyekuwa anamwita muzee mbele ya wageni. Alitoka ndani ya gari, akaenda kusimama karibu na ukuta wa mawe, akakaa pale akiangalia Nyiragongo kana kwamba mlima ule ungempa ushauri.

Asubuhi alirudi Katindo. Kijana wa umeme alifikiri gari limeharibika tena, na aliposikia Fortunat anataka nini, aliwaita wenzake waje wasikie. "Muzee huyu anarudisha ugonjwa nyumbani," aliwaambia, na wote walicheka mpaka mmoja akaweka spana chini. Fortunat alikaa kwenye kiti, kofia mapajani, akangoja wamalize kucheka na wamalize kazi. Mimi nasema hivi: kutoa taa kunahitaji pesa kidogo tu. Kwenda kuirudisha mbele ya vijana wanaokucheka kunahitaji mtu. Alirudi na taa yake inawaka njano, na hakumwambia Clotilde habari ya kicheko, lakini Clotilde aliisoma usoni mwake na akamwekea chai bila kuuliza.

*

Jumamosi Fortunat alifanya anachofanya kila Jumamosi, ingawa moyo ulikuwa mzito. Alichukua bidoni mbili za maji, yale madumu ya plastiki, pamoja na kitambaa na sabuni. Akafungua kapo.

"Weka maji chini," Clotilde alisema kutoka mlangoni.

"Nataka tu kuosha."

"Maji ile imetoka ziwani na chukudu ya mbao, imesukumwa mpaka huku, na ni ya kupikia. Tulishaongea juu ya hii."

Kweli walishaongea. Kama kuna ugomvi ambao nyumba ile ilikuwa nao kila wiki, ni huo wa bidoni. Clotilde ndiye anayejua maji ya nyumba: lini bomba lilitoka, lini lilikauka, nani alileta, na bidoni ipi iliishia kwenye gari badala ya kuishia kwenye sufuria. Alishuka ngazi ya mawe kuja kumnyang'anya. Akashika mpini wa bidoni ya kwanza, kisha akasimama hivyohivyo, mkono kwenye mpini, kama mtu aliyeitwa kwa mbali.

"Ile wakati pompu iliharibika," alisema, "tulikaa bila maji. Nilikukatalia hata kikombe kimoja."

"Nakumbuka. Tulienda kwa ubatizo Sake na gari imejaa vumbi. Nilisikia haya."

"Taa ilikuwa inawaka?"

Fortunat alianza kuhesabu siku. Safari ile ya Sake, na vumbi lote lile, na kilima chote kile, taa haikuwaka. Guylain alikuwa ameifuta siku ambayo maji yalikatika hata kwake Ndosho, nayo ikakaa kimya kabisa.

"Ilirudi lini?" Clotilde aliuliza.

"Maji ilirudi. Nikaosha Jumamosi." Aliikuna shingo yake. "Tukitoka kwa misa, ilikuwa imewaka."

Wote wawili waliangalia bidoni.

"Lakini mama, gari inatembea na mvua. Mvua inanyesha huku kila siku."

"Mvua haifungui kapo," Clotilde alisema. "Weye njo mwenye unafungua."

*

Garaje ya Guylain ni kiwanja cha mawe meusi katikati ya Ndosho, na benchi moja ya wateja chini ya bati. Siku ile benchi ilikuwa imejaa: dereva wa lori, mwenye pikipiki iliyovunjika, na mwalimu mmoja aliyekuja kusubiri gari la shemeji yake. Kwenye kona kuna pipa la maji, maana Guylain ana desturi yake na anajulikana nayo. Gari la mtu halitoki kwake bila kuoshwa injini. Ni zawadi ya garaje. Mteja akifungua kapo nyumbani, aone kwamba gari lake lilikuwa mikononi mwa mtu mwenye heshima. Wateja wanaipenda sana zawadi hiyo, na Fortunat alikuwa anaipenda kuliko wote.

Sasa Clotilde alikuwa amesimama mbele ya Guylain, mkoba mkononi, akiuliza kwa upole: "Maître, fundi wetu, kila mara ukimaliza gari yetu, unaiosha kabla ya kuturudishia?"

"Kila mara maji yakiwapo, mama. Bure."

"Na mashine inasema silinda ya pili."

"Kila mara."

"Nilikuwa naomba leo uangalie bila kuosha. Tena naomba umwagie maji wakati inaunguruma, uone kama haitakohoa."

Mwenye pikipiki alicheka puani. Mafundi wengi hapo wangemwambia mama arudi jikoni, na nawajua wawili watatu ambao wangesema zaidi. Guylain alifuta mikono yake. Alimwangalia Clotilde, akaangalia pipa, na pale pale mtu yeyote mwenye macho angeona wazo likimwingia na kumuuma.

Aliwasha injini, akachota maji kwa kikombe, akamwaga taratibu kuzunguka kichwa cha silinda ya kwanza, pale zinapokaa bobini, vile vidude vinavyopeleka moto kwenye bujii. Injini iliendelea kuimba. Akamwaga kwenye ya pili. Muda kidogo ukapita, kisha gari zima likaanza kutetemeka, likakohoa, na kwenye tablo taa ya njano ikawa inapepesa. Akazima. Akachomoa bobini ya pili, akaigeuza kwenye mwanga. Mpira wake ulikuwa umepasuka ubavuni, ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya shimo lake mlikuwa na maji na kutu nyekundu.

"Ikikauka inanyamaza," Fortunat alisema polepole. "Nikiosha inarudi."

"Nikiosha," Guylain alisema.

Alisimama wima na kugeuka, si kwa Fortunat, bali kwa benchi nzima. Angeweza kuyasema maneno yale kwa sauti ndogo, ndani ya kapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Biashara ni biashara, na jina la fundi ndiyo duka lake.

"Musikilize wote," alisema. "Hii ugonjwa, miye njo nilikuwa nairudisha. Naponesha na mukono mumoja, natia maji na mukono mungine. Nimebadilishia huyu muzee vitu vyenye havikuwa vinagonjwa. Mama huyu njo ameona."

Dereva wa lori aliacha kutafuna. Mwalimu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia mahubiri mazuri. Clotilde alisema tu, "Tuliona sisi wote, maître," na alikuwa anamaanisha hivyo.

Guylain alikausha shimo kwa upepo, akakwangua kutu, akatafuta katika mizoga ya magari mpaka akapata mpira unaoingia. Alifuta kosa kwa mashine yake. Fortunat alipotaka kumlipa, alikataa kabisa kupokea.

"Lakini sitakudanganya tena hata bila kujua," alisema. "Mupira huu ni wa kuazima. Bobini mupya itatoka Kampala. Maji ya kawaida utayashinda. Mvua kubwa, njia ikijaa, sijui. Na zaidi ya yote, usioshe moteri."

Fortunat alipita karibu na pipa, akaligusa kwa mkono kama mtu anayeaga rafiki.

*

Jumatatu Mama Kahindo alikuja mapema na safari hii aliingia ndani. Fortunat alizungusha ufunguo nusu, na taa zote zikaitika, ya njano pamoja nazo.

"Inawaka," Mama Kahindo alisema.

"Inapashwa iwake kwanza, mama. Ngoja."

Injini ikashika. Taa ya njano ikazimika na wenzake. Mama Kahindo alingoja sana, mkono kwenye mkoba, macho kwenye tablo. Clotilde alikuwa amesimama nje, kwenye dirisha la mumewe.

"Ulifanya nini?"

Fortunat alimweleza habari ya maji na mpira uliopasuka. Hapo kazi ilikuwa yake tayari, mtu yeyote angefunga mdomo. Yeye aliendelea.

"Na kuko kingine. Kabla ya ile, niliitoa taa. Nilitaka ufikiri imezimika. Mama Lucie njo alikataa, nikairudisha."

Clotilde hakutegemea maneno yale, akashika ukingo wa dirisha kwa hofu na kwa fahari pamoja. Mama Kahindo aliangalia tena mahali pa ile taa iliyozimika.

"Ikirudi, utafanya nini?"

"Nitasimama mahali kuko batu. Nitashusha batoto. Tutatembea."

"Ni maneno," alisema Mama Kahindo. "Tutaona."

*

Waliona. Bobini ya Kampala ilikuwa bado iko njiani wakati mvua ile iliponyesha, mvua ya asubuhi iliyogeuza barabara ya Ndosho kuwa mto. Gari lilipita kwenye maji yaliyofika nusu ya magurudumu, watoto wakapiga kelele za furaha, na walipopanda upande wa pili injini ikakohoa mara moja. Taa ikawaka. Kisha injini ikatulia, ikaendelea kuvuta vizuri kabisa, lakini taa ilibaki.

Shule haikuwa mbali sana. Watoto walikuwa wakavu. Nyuma, magari yalikuwa yanapiga honi. Lucie, kwenye kiti cha mbele, alimwangalia baba yake.

"Papa, si bado kidogo tu?"

Fortunat alisogeza gari kando, mbele ya duka la simenti lililojaa watu waliojikinga na mvua, akazima. Alimvalisha mdogo kuliko wote koti lake mwenyewe. Akavua viatu, akakunja suruali, akawapanga watoto wawili wawili, akashika mikono ya wale wa mbele. Watu wa dukani waliwatazama. Mmoja aliuliza kama gari limekufa, na Fortunat alijibu, "Hapana, halijakufa," na hakueleza zaidi.

Walifika wamechelewa, wamelowa mpaka mifupani, wakiimba. Mlinzi wa lango alikuwa ameshampigia simu Mama Kahindo kwamba watoto hawajaonekana. Mama Kahindo alifika juu ya pikipiki, bila mwavuli, uso umekauka kwa hofu. Alihesabu vichwa kwa kidole, akarudia, akashusha mkono. Kisha akamwona Fortunat kando ya ukuta, miguu mitupu, viatu mkononi, maji yakimtiririka kwenye nyusi.

"Gari ilizimika?"

"Hapana. Taa iliwaka."

"Ilikuwa bado inatembea?"

"Ilikuwa inatembea."

"Na ulikuwa umefika karibu."

"Nilikuwa karibu, mama."

Mama Kahindo aligeuka akaangalia watoto wake wakiingia darasani, wakikamua sare zao na kucheka. Alikaa hivyo, mgongo kwa Fortunat, mpaka mlinzi akafunga lango. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Kesho unapita saa ngapi?"

"Kesho sina gari," Fortunat alisema. "Bobini haijafika. Haitembei mpaka—"

"Papa Lucie," alisema Mama Kahindo, "sikukuuliza juu ya gari."